Kufuli mlangoni, choo kilichofurika na ritani za KRA: maswali ya msimamizi wa ploti

SWALI

Kwa mshauri, salamu.

Nasimamia ploti ya mama yangu hapa Mtwapa, kaunti ya Kilifi. Hati iko kwa jina lake, ila yeye ni mtu mzima na mambo ya simu na karatasi ameniachia mimi. Vyumba ni 16. Kumi ni vya shilingi 3,500, vinne vyenye choo ndani ni 6,000, na viwili vya nyuma wanakaa wazee wawili ambao wamekuwa wakilipa 2,300 tangu walipoingia. Vyumba vya 3,500 na hivyo viwili vya wazee vinatumia vyoo viwili vya uani.

Nina mambo kadhaa na yote yamenijia kwa wakati mmoja. Mpangaji wa chumba nambari 7 hajalipa miezi mitatu. Kaka yangu anasema nitie kufuli wakati ametoka kazini, au ning'oe mlango, ndipo atalipa. Pili, afisa wa afya ya umma alipita akaona septiki imefurika, akaacha notisi ya siku 14. Mwezi uliopita nilileta gari la kunyonya, na wiki mbili baadaye ikajaa tena. Tatu, simu ya mama imeingia ujumbe wa KRA, mamlaka ya ushuru, kuhusu ushuru wa kodi ya nyumba. Tumekuwa tukikodisha tangu 2022 na hatujawahi kupeleka chochote. Je, naweza kutoa kwanza gharama za maji, ukarabati na mshahara, halafu nilipe ushuru kwa kilichobaki?

Tuna keateka, mtunza ploti, tunayemlipa 12,000 mkononi, anakaa bure kachumba ka langoni. Sina mkataba naye wala simkati chochote. Wale wazee nao nataka kuwapandishia hadi 3,500 kama wenzao. Mwisho, jirani ameona ninavyohangaika na bado ananiomba nisimamie na ploti yake, anipe asilimia 8 ya makusanyo. Nianzie wapi?

Msimamizi, Mtwapa

JIBU

Ndugu Msimamizi, anzia kwa kaka yako. Mwambie leo hii kwamba kufuli haitatiwa, mlango hautang'olewa, mabati hayataezuliwa na stima ya nambari 7 haitakatwa. Mengine yote uliyoyataja yana tarehe, unaweza kuyapanga. Hili likifanyika jioni moja kwa hasira halirudi nyuma. Mpangaji anayekudai fidia kwa kufungiwa nje, pengine na vitu vyake vilivyopotea humo ndani, anaweza kutoka mahakamani na fedha nyingi kuliko hizo 10,500 anazodaiwa. Na deni lake lenyewe, ambalo lilikuwa haki yenu, litakuwa limegeuka jambo dogo kwenye kesi ambayo nyinyi ndio washtakiwa.

Njia ya halali ni fupi kuliko watu wanavyodhani, ila inataka karatasi. Upangaji wa kulipa kila mwezi, hata bila mkataba wa maandishi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inautambua kama upangaji wa vipindi. Kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja, kwa maana ya mwezi mzima. Kabla ya kufika huko, mpe barua ya deni. Iandike hivi, kwa nakala mbili:

"Kwa mpangaji wa chumba nambari 7. Kufikia leo unadaiwa kodi ya Machi, Aprili na Mei, shilingi 3,500 kila mwezi, jumla 10,500. Tunakuomba ulipe au uje tuandikiane mpango wa kulipa kabla ya tarehe 7 Juni. Usipofanya hivyo, tutakupa notisi ya mwezi mmoja ya kukatisha upangaji." Halafu jina la mama kama mwenye nyumba, lako kama msimamizi, sahihi na tarehe.

Atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, ibandike mlangoni mbele ya shahidi, piga picha inayoonyesha nambari ya chumba, kisha mtumie na kwenye simu. Notisi ya kukatisha yenyewe, ikibidi, iishe mwisho wa mwezi wa kodi. Ukimpa tarehe 10 Juni isiishe tarehe 10 Julai, iandike iishe 31 Julai. Notisi nyingi huanguka kwa hesabu hiyo ya siku, na mwenye nyumba hurudishwa mwanzo.

Kwa deni la vyumba vya bei hii, mpango wa kulipa ndio unaorudisha fedha mara nyingi. Kwa mfano, alipe kodi ya mwezi pamoja na 1,750 ya deni kwa miezi sita, iandikwe, isainiwe. Diposti yake usiihesabu kama kodi kabla hajatoka, labda mkubaliane kwa maandishi. Chifu anaweza kuwapatanisha na mara nyingi husaidia, lakini hana mamlaka ya kuamuru mtu atolewe nyumbani. Ukitaka kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inakupa haki hiyo, ila mkono unaoshika redio na meza uwe wa dalali wa mnada mwenye leseni. Wewe, kaka yako na keateka hamruhusiwi. Dalali ana ada yake, na kwa 10,500 piga hesabu kwanza kama vitu vilivyomo chumbani vitatosha ada na deni. Notisi ikiisha na mtu bado yumo, kinachofuata ni amri ya mahakama.

Tuje kwenye septiki, kwa sababu siku 14 zinakimbia.

Notisi ya afisa wa afya inatoka kwenye Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Maji taka yanayotoka juu ni kero mbele ya sheria hiyo, na usipotii notisi afisa anaweza kukupeleka mahakamani. Mahakama ina uwezo wa kuamuru kazi ifanywe na hata kupiga marufuku watu kukaa katika nyumba isiyofaa. Kando na hapo, Sheria ya Ardhi inamwekea mwenye nyumba wajibu ambao hauhitaji kuandikwa kwenye mkataba. Chumba kiwe kinafaa kwa binadamu kukaa siku ya kwanza hadi ya mwisho, na pale unapokodisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji na maeneo ya pamoja ni juu yako kuyatunza. Kwa hiyo hata mpangaji mwenye deni ana haki ya choo kinachofanya kazi.

Umesema septiki ilinyonywa ikajaa baada ya wiki mbili. Hiyo ni dalili unayopaswa kuisikiliza. Septiki inapofanya kazi sawasawa huwa imejaa maji wakati wote. Uchafu mzito hutua chini, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba lenye umbo la T kwenda kwenye shimo la kufyonza, ambalo mafundi huliita sokipiti. Ikinyonywa na kurudi kufurika haraka namna hiyo, tope haliwezi kuwa limejaa kwa wiki mbili. Maji yanakosa pa kwenda, au yanaingia mengi mno.

Pima kuingia kwanza, maana hakugharimu kitu. Saa nne usiku, kila mtu akishafunga mfereji, soma mita kuu ya maji na uandike tarakimu zote, pamoja na zile nyekundu. Soma tena saa kumi na moja alfajiri kabla watu hawajaamka. Ikiwa imesogea sana, kuna maji yanayovuja, na mara nyingi ni tangi la choo ambalo mpira wake umechakaa, likitiririka kimya usiku kucha kuingia septiki. Vyumba vinne vyenye choo ndani ukavikague vyote. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi, ngoja robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira.

Kama hapavuji, tatizo ni kutoka. Mwambie fundi afungue kifuniko cha upande wa kutokea na aangalie ile T. Ikivunjika au ikikosekana, povu na tope huenda moja kwa moja kwenye sokipiti na kuziba vinyweleo vya udongo, na hapo hata ukinyonya septiki kila wiki hutatatua kitu. Sokipiti iliyoziba hunyonywa, hukauka, wakati mwingine husafishwa kuta zake, na ikishindikana huchimbwa nyingine mahali tofauti. Huko kwenu ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Maji hupita kwa kasi na hayachujwi sana njiani, kwa hiyo kama kuna kisima, chenu au cha jirani, usichimbe shimo upande wake. Muulize afisa huyohuyo wa afya akuonyeshe mahali, kabla jembe halijaingia. Ukimwuliza mapema atakuwa sehemu ya suluhisho lenu.

Mtu yeyote asiingie ndani ya septiki wala sokipiti. Hewa yake huua kwa pumzi chache, na mara nyingi anayefuata kumwokoa wa kwanza hufa naye. Fundi anayesema atashuka "dakika moja tu" mwambie aende zake. Wala msimwage asidi au sabuni kali kufungua choo, kwa kuwa zinaua vijidudu vinavyosaga uchafu na tope linaongezeka haraka zaidi. Weka ndoo yenye kifuniko katika kila choo cha uani kwa ajili ya pedi na nepi, na iwe kazi ya keateka kuimwaga kila siku.

Gari la kunyonya liwe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kusafirisha taka. Piga picha ya leseni na nambari ya gari, na utunze risiti. Kazi ikiisha, mwandikie afisa barua ya ukurasa mmoja: notisi ya tarehe fulani imetekelezwa, kilichofanyika ni hiki na hiki, picha zimeambatishwa, tunaomba ukaguzi. Kama sokipiti mpya haiwezi kumalizika ndani ya siku 14, andika kabla hazijaisha, ueleze umefika wapi na uombe muda. Kunyamaza kwako ndiko kutakakokupeleka kortini, kuliko shimo lenyewe.

Sasa KRA. Hapa nitatumia neno kodi kwa anacholipa mpangaji na ushuru kwa kinachokwenda serikalini, maana vikichanganywa hesabu hupotea.

Jibu la swali lako ni hapana, hutoi gharama kwanza. Ushuru wa kila mwezi wa kodi za nyumba za makazi unatozwa kwenye kodi yote iliyopokewa, kabla ya maji, rangi, mabati wala mshahara. Unamhusu mkazi wa Kenya ambaye kodi yake kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 288,000 na haizidi milioni 15. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5. Vyumba vyenu vyote vikilipa ni 35,000 na 24,000 na 4,600, jumla 63,600 kwa mwezi, kwa hiyo mama yumo ndani ya mpango huu. Ushuru wake ni 4,770. Mwezi ambao nambari 7 hakulipa, kilichopokewa ni 60,100, na ushuru ni 4,507.50. Akilipa deni baadaye, unalitangaza katika mwezi alioleta.

Kuna mlango wa pili: mama anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba anachagua mpango wa mwaka, ambao unaruhusu kutoa gharama. Unawafaa wenye mkopo mkubwa wa benki, kwa sababu riba hutolewa. Kwenu sioni faida. Chukua mwaka mzima, 763,200. Mpango wa kila mwezi unachukua 57,240. Tuseme gharama zenu za mwaka ni 220,000, faida inabaki 543,200, na kama mama hana mapato mengine, viwango vya asilimia 10, 25 na 30 baada ya kuondoa nafuu ya 28,800 vinamfikisha kama 71,560. Bakini kwenye mpango wa kila mwezi.

Ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, na malipo ni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya Juni hutangazwa ifikapo 20 Julai. PIN, nambari ya mlipa ushuru, ni ya mama kwa sababu nyumba ni yake; usitumie yako hata kama fedha hupitia simu yako. Kwenye iTax, tovuti ya KRA, ingia kwa PIN yake, rekebisha usajili na uongeze wajibu wa ushuru wa kodi ya nyumba wa kila mwezi. Kisha kwenye ritani jaza nambari ya kiwanja, mahali ilipo na kodi iliyopokewa, uiwasilishe, utoe karatasi ya malipo na ulipe benki au kwa simu ukitumia nambari iliyo juu yake. Watu wengi huishia kwenye kuwasilisha wakadhani wamemaliza. Ritani bila malipo bado ni deni. Mwezi usiopata hata shilingi unapeleka ritani ya sufuri. Na kama PIN ya mama ina pia wajibu wa ushuru wa mapato, ritani ya mwaka ya kufikia 30 Juni ipo palepale, hata kama hana la kutangaza.

Diposti ambayo utamrudishia mpangaji si kodi. Bili za maji ziandike kwa mstari wake kwenye risiti, zisimezwe ndani ya kodi, la sivyo utajikuta ukitangaza maji kama mapato.

Miezi ya nyuma ndiyo nzito. Kwa kila mwezi wa 2022 na 2023 kiwango kilikuwa asilimia 10, si 7.5, na mfumo utakuhesabia hivyo. Mfano, mwezi mmoja wa 2023 mliopokea 55,000: ushuru ni 5,500. Faini ya kuchelewa kupeleka ritani kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa, kwa hiyo 2,000. Faini ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, yaani 275. Riba ni asilimia 1 kila mwezi, 55, na haiwezi kupita ushuru wenyewe. Unaona kwamba kwa ploti ndogo ile 2,000 ya ritani ndiyo inayouma, na inakuja hata kama ushuru ni mdogo. Peleka ritani za miezi yote kwanza ili deni lijulikane, ukianza na mwezi huu wa sasa ili usiongeze deni jipya, halafu uandike barua ya kuomba kulipa kwa mafungu. Ofisi ya KRA hukubali mpango wa mafungu kwa mtu aliyekwisha kujitangaza. Usibuni takwimu za miezi hiyo. Chukua taarifa za M-Pesa na benki za mama na zako, mwezi kwa mwezi, na kumbukumbu zote uzitunze miaka mitano.

Keateka naye ni mwajiriwa kamili. Akikaa miezi mitatu au zaidi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi: kazi yake, mshahara, siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na kwamba chumba cha langoni ni makazi anayopewa na mwajiri. Ulizia ofisi ya leba kima cha chini cha mshahara kwa kazi yake na eneo lenu, maana agizo la mishahara hutofautisha miji. Kwa 12,000, anakatwa NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ambayo ni 720, SHA, bima ya afya, asilimia 2.75 ambayo ni 330, na tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ambayo ni 180. Mkononi anabaki na 10,770. Mama anaongeza 720 ya NSSF na 180 ya tozo, pamoja na 50 ya NITA, tozo ya mafunzo ya kazi. Vyote hivi hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mkalishe chini umweleze kabla hujamkata, kwa sababu kwake yeye ni 1,230 inayopotea ghafla kwenye unga na karo ya watoto, na si haki aione kwanza kwenye simu. Ukiweza kumwongeza mshahara ili mkononi asipungue sana, fanya hivyo.

PAYE yake, ushuru wa mshahara, ni sufuri kwa kuwa yuko chini ya 24,000. Lakini mama akishajisajili kama mwajiri, ritani ya PAYE lazima iende kila mwezi, na ndani yake ndimo tozo ya nyumba inamopitia. Kuchelewa ni faini ya asilimia 25 au 10,000, ile kubwa. Kwa mwajiri wa mtu mmoja, kusahau mwezi mmoja ni karibu mshahara mzima. Tieni kengele kwenye simu tarehe 5. Chukueni pia bima ya ajali kazini. Anapanda juu ya mabati kuziba matundu, na sheria ya fidia ya wafanyakazi inamtaka mwajiri awe nayo.

Kuhusu wazee wawili, usiguse kodi yao kwa sasa. Chumba cha makazi ambacho kodi yake halali haizidi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Hapo mwenye nyumba hapandishi kwa uamuzi wake, wala hamtoi mpangaji kwa notisi ya mwezi mmoja kama nambari 7. Yote mawili yanapitia Jopo la Udhibiti wa Kodi, ambalo hupima kama kuna sababu inayokubalika, mfano malimbikizo, uharibifu au kuwasumbua majirani, na kama ni haki kutoa amri hiyo. Kumfanyia mpangaji vitimbi ili ahame au akubali kodi ya juu ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo, na hata kukata maji kunahesabika. Ukitaka 3,500, peleka ombi kwenye Jopo likadirie kodi, ukiwa na picha za chumba, risiti za ukarabati na kodi za vyumba vinavyofanana. Kwa tofauti ya 2,400 kwa mwezi kwa vyumba viwili, na vyoo katika hali hiyo, mimi ningetengeneza vyoo kwanza. Wape daftari la kodi, kila mmoja lake, uliandike mbele yao kila wanapolipa. Sheria hiyo inalidai.

Na hilo daftari wape wote 16. Mstari mmoja kwa mwezi: tarehe, kodi, maji, namba ya muamala wa M-Pesa, salio, sahihi mbili. Nakala ibaki kwako. Ndilo litakalojaza ritani ya tarehe 20, ndilo litakalothibitisha deni la nambari 7, na ndilo Jopo litakalouliza.

Kabla sijafika kwa jirani, angalia simu yako. Kama kuna kundi la WhatsApp la ploti ambamo majina ya wenye madeni hubandikwa, au picha za vitambulisho vya wapangaji, futa leo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu vyote hivyo kuwa taarifa za mtu binafsi, na Kamishna wa Data anaweza kuamuru ulipe fidia. Nakala za vitambulisho zikae kwenye faili moja lililofungwa, na deni la mtu liongelewe na mtu huyo peke yake.

Ploti ya jirani usiipokee bado. Kusimamia nyumba ya mama yako ni jambo moja. Kusimamia ya mtu mwingine kwa asilimia ni kazi ya wakala wa nyumba, na Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi yake. Zaidi ya hapo, usimamizi wa nyumba ni mojawapo ya shughuli zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata kama biashara ni ndogo. Ada kwa biashara ndogo ni 4,000, na usajili ni wa miaka miwili. Kama moyo wako uko kwenye kazi hii, anza kuulizia masharti ya bodi. Wakati huo jirani yako anaweza kumpa wakala aliyesajiliwa, na wewe ukamwonyesha namna ya kusoma mita saa nne usiku, maana septiki yake na yenu ziko kwenye mwamba mmoja.